Usichague Ile Nyekundu

Wilondja mutoto wangu, baba yangu mudogo,

Ukikuta hii karatasi, masua, ile meli yako ya ziwani, itakuwa imekwisha kuzunguka ncha ya Ubwari, na muji wetu wa Baraka hauuoni tena. Nimeiweka ndani ya koti ya marehemu baba yako. Ile koti najua unaionea haya, hautaitoa mbele ya bantu, kwa hiyo maneno yangu yatalala salama mpaka ukae peke yako.

Salamu sina haja ya kukuandikia. Muchana tulikula bukari na mukeke pamoja, nilikuona unalamba vidole, najua uko muzima. Sasa umekwenda kuaga bajomba zako, na mi nimebaki na kalamu ya risasi. Mwandiko wangu si muzuri, lakini ni wangu. Bamama bengi wa hapa kando ya ziwa bakitaka barua banabembeleza kalani abaandikie. Mimi hapana. Miaka yangu mitatu kwa bamasista haikupita bure, na kama baba yangu hangenitoa shuleni ili nilinde muhogo usiliwe na nguruwe wa pori, leo pengine kalani ningekuwa mimi, na bo bangenibembeleza.

Ya kufua shati, ya kulala ndani ya chandarua, ya kuitika bakubwa vizuri, hayo sitayaandika. Wewe ni mwanaume wa kunyoa ndevu, umeendesha moteri ya kiwanda cha pamba na haikuuma hata ukucha. Ningekuwa nakutukana.

Naandika juu ya ndege.

Acha kwanza nirudilie maneno ya barua ya Bwana Mapamba jinsi ulivyonisomea, ili ujue nilisikia vizuri. Yule muzungu aliyekuwa anapima pamba yetu hapa, mpaka bakamuhamisha Albertville, anakuita. Ana ndege tatu ndogo, zile za kuruka kwa redio, zinaning'inia katika chumba chake cha kazi. Utachagua moja. Utaitengeneza, utaizoea, na siku bazungu wenye kupenda huo muchezo bakikusanyika kwenye kiwanja cha ndege, utairusha mbele yao. Ikipanda na kushuka nzima, anakuingiza kwa bafundi wa redio, na nyumba juu yake. Ikivunjika, yeye hataweza kukusemea tena. Utakwenda bandarini kubeba magunia.

Ni hivyo? Ni hivyo. Maisha yako yote yamewekwa ndani ya siku moja ya kunyoosha mukono na kusema: nataka hii.

Na mi najua mukono wako utanyooka wapi. Nilikuona na ile foto ya ndege iliyokuja na barua yake. Ulikuja nayo pale jikoni, ukaipangusa kwa shati kama sahani.

"Mama, kuja uone."

"Naona ndege tatu. Nione nini?"

"Hii ya mwisho. Bwana ameandika rangi kwa nyuma. Ni nyekundu."

"Hii yenye bawa chini ya tumbo?"

"Ndiyo hii! Angalia moteri yake, mama. Hii haiko kitu ya kujifunzia."

"Na ile ya katikati? Ya rangi ya udongo?"

"Ah, mama. Ile iko kama kuku mwenye kuatamia."

Ulicheka, na mi nikacheka sana, juu uliiga ulimi wangu mwenyewe. Ni mi ndiye ninayesemaka hivyo juu ya vitu vya bengine. Halafu nikatoka kuanua ndakala, zile samaki zetu ndogo, na kule nje kicheko kilinikauka mudomoni.

Wilondja, mi si mama wa kusema "mambo ya bazungu siyajui." Ndege nazijua. Hakuna mwanamuke mwingine kutoka hapa mpaka Uvira aliyechonga mbavu za bawa la ndege. Mi nilizichonga. Ulipoangusha ile ndege ya kujifunzia ya Bwana, alipokuwa bado hapa kwetu, katika muhogo wa Mama Riziki na bawa likawa vipande, Bwana alisema muti wa kuitengenezea unatoka Ulaya, tungojee. Nani aliuliza "Tungojee nini?" Ni mimi. Nilileta ule muti mwepesi tunaochongea maboya ya wavu, nikaupiga kwa kidole nikasikiliza, nikaukwaruza kwa ukucha, nikakuambia: chukua huu, ule mwingine utakunywa maji ya mvua. Bwana akaubeba juu ya kiganja, akatoa neno la kushangaa kwa lugha yake. Na lile bawa liliruka. Nitalisema hata siku nitakapobaki na meno mawili.

Na mafuta? Ile moteri ndogo inayoshikika kwa vidole vitatu inakunywa dawa yenye harufu ya lopitali, imechanganywa na mafuta ya taa na mafuta ya mbarika. Mbarika ya chupa ilipokwisha, nani alikaanga mbegu, akatwanga, akachemsha, akaengua? Mama yako.

Haya, hapo ndipo habari ya Fizi inapoingia. Kila muntu anaisimulia kwa namna yake, na Mama Riziki jirani yetu anaisimulia vibaya kupita bote. Acha na mimi niiandike kama ilivyokuwa, juu ndani yake mna kitu ambacho wewe haukukiona, wewe uliyekuwa katikati.

Siku ile ya maonyesho ya pamba Bwana alitupandisha na kamyo mpaka Fizi-Centre, kule juu milimani. Ndege ilikuwa imefungwa katika blanketi kama muzazi. Mi niliketi juu ya magunia, nimevaa kikwembe cha maua, chupa ya mafuta katikati ya magoti. Asubuhi, kabla ukungu haujaondoka, kiwanja chote mbele ya biro ya serikali kilikuwa kimejaa: bakulima wa pamba, bakalani, batoto ya shule, na hata bantu wa ng'ombe walioshuka kutoka milima ya juu, bamesimama na fimbo zao kwa mguu mumoja. Muzee mumoja kati yao aliisogelea ndege, akaiinamia, akaniuliza:

"Mama, hii inakula nini?"

"Inakula mafuta yangu, muzee."

"Na maziwa inatoa?"

"Inatoa sifa!"

Bantu balicheka mpaka Bwana akageuka. Nami ndio nikafunguka mudomo. Nilibaambia bote: mafuta ni yangu, mutoto ni wangu, na mbavu za bawa ni za mukono wangu. Kama ningepata nafasi ningesema na upepo ni wangu.

Bwana akakupa kile kisanduku cha redio mbele ya bantu bote. Mi nilikuona unasimama na ule muti mrefu wa chuma umetoka juu ya kisanduku, shingo yako imenyooka, na nikasema ndani yangu, sasa hata nikifa. Ndege ikapanda. Ikalia kama nyigu. Ikapita juu ya bati ya biro, ikageuka, ikapita tena.

Halafu ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Ile kimya, Wilondja. Unaikumbuka? Hata ng'ombe wa kule milimani bangeisikia.

Ulibonyeza. Kile kifungo chako kina akili yake: mara hii kinapeleka kuume, mara inayofuata kushoto, na muntu lazima akumbuke zamu ni ya upande gani. Wewe ulisahau. Ulitaka kushoto, ikaenda kuume, ikageuza pua kwa bantu. Bamama bakatupa vikapu. Ukabonyeza tena, na tena, ndege inayumba kama mulevi, na kila mara ilikuwa chini zaidi. Mi nilikuwa karibu, niliona kidole chako kinateleza kwa jasho. Kikatoka juu ya kifungo. Haukukitoa wewe, kilitoka.

Na ndege, ilipoachwa peke yake, ikainua bawa lililoanguka, ikakaa sawa, ikashuka pole pole mpaka kwenye majani, mbele ya miguu ya yule muzee wa ng'ombe.

Kile kiwanja kilipasuka kwa makofi. Bakakuinua. Na mi nilipiga vigelegele kupita bote, unanijua.

Bwana ndiye hakupiga makofi. Alifungua kale kamurija kembamba ka mafuta, akatoa kitu cha njano kama nta, akanionyesha.

"Nini hii?"

Mi nilinusa tu nikajua. Ilikuwa mawese, imeganda kwa baridi. Nilichemshia mbarika ndani ya chungu ya mawese, juu chungu nyingine bantu wa kilio balikuwa bameiazima. Niliipangusa kwa majani ya ndizi nikaona imetosha. Na hapa Baraka ingetosha kweli! Siku iliyotangulia ulijaribu moteri hapa kwetu, ikaimba bila shida, juu hapa mawese ni maji muchana na usiku. Bantu ya Fizi hawangekosa vile, bo banajua kwamba mafuta inaona baridi. Ni sisi bantu ya chini, wenye kulala bila blanketi, ndio tunasahau.

"Mama Wilondja!" Mama Riziki alipiga kelele kutoka upande wa pili, na kikapu chake kimepinduka. "Mafuta yako ilifika Fizi ikaomba kitanda!"

Mpaka leo bananiita Mama Mafuta-Imelala. Najibu "karibu." Nifanye nini?

Lakini si juu ya mawese naandika. Ile imepita, chungu nilivunja. Naandika juu ya kile kidole.

Tangu siku ile unatembea kama muntu aliyeokoa ndege. Nimekusikia unaisimulia kwa barafiki: "Nilipoona moteri imekufa, nikaishika namna hii, nikaileta chini." Na mi niko pembeni natikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, mutoto wangu aliileta. Sasa tuko babili tu. Haukuileta. Wewe ulikuwa unaiua, baba. Ilikuokoa yenyewe, juu ilikuwa ile ndege nene ya kujifunzia, yenye bawa juu ya mugongo, ncha zake zimeinuka kama muntu anayenyoosha mikono kuomba msamaha. Ile, hata ikishikwa na mujinga, ukiiachilia inarudi sawa. Bwana aliinunua kwa sababu hiyo.

Ile nyekundu haina huruma hiyo. Wewe ndiye uliyenifundisha, ulipokuwa unanichorea kwa kijiti hapa uwanjani: bawa likiwa chini ya tumbo, na likiwa limenyooka bapa, ndege inabaki pale ulipoiweka. Ukiilaza ubavu, inalala ubavu. Ukiielekeza chini, inakwenda chini mpaka mwisho. Ukisahau zamu ni ya kuume ao ya kushoto, hauna nafasi ya kusahau mara ya pili. Ulinieleza hayo macho yanang'aa. Mi nilikuwa nasikiliza na kisu cha kuchongea mukononi, na nilikata kiboya vibaya.

Sikuambii uchukue ile ya kwanza kwenye foto, dada ya ile uliyorusha hapa. Hapana, hata mi ningeona haya. Umeimaliza ile, haina cha kukufundisha, na upepo wa Albertville ukitoka ziwani ungeibeba kama jani mpaka kwa bantu. Bwana angesema, nilimuita mwanaume, amekuja mutoto.

Chukua ya katikati. Chukua kuku wako mwenye kuatamia. Nimeiangalia ile foto kukushinda wewe, juu wewe ulikuwa unaangalia pembeni yake. Bawa bado liko juu ya mugongo, lakini halikuinuka sana. Mkia ni mrefu. Ile ukiiachilia itarudi sawa, lakini polepole, na itataka umalizie wewe. Ndiyo maana ni nzuri. Itakusamehe, na wakati huohuo itakusema.

Na usichague kwa macho. Muombe Bwana aishushe. Ishike chini ya mabawa kwa ncha za vidole viwili, uone inainamia wapi. Ikiangalia juu kama mulevi anayetafuta nyota, mkia ni mzito, iache kwanza. Funga jicho moja, iangalie kutoka nyuma, uone kama bawa halikujikunja kama ubao uliowekwa juani. Tafuta pahali ilipokwisha kuvunjika, hakuna ndege ya Bwana isiyovunjika, mi na wewe tunajua. Ukwaruze kwa ukucha uone gundi imeshika. Angalia kama vitu vya ndani ni vitu unavyoweza kutengeneza wewe mwenyewe na kisu, uzi na muti wa pale, ao ni vitu vya kungojea vitoke Ulaya. Halafu muombe ruhusa ya kuitupa kwa mukono, moteri haifanyi kazi, pahali penye majani marefu. Bengine banauliza ndege inarukaje. Wewe ngojea uone inashukaje ikiwa imekufa. Fizi ilikufundisha, kama ungekubali kufundishwa.

Nimeyaandika hayo yote, na naona kama namwaga maji mu kikapu.

Juu utachagua nyekundu. Acha nikuambie sababu ninajua.

Ulipokuwa bado unabebwa mugongoni, baba yako alikwenda Albertville. Hayo unayajua. Alikuwa anapaka mafuta pampu ya maji hapa Baraka, moteri moja ndogo, na aliijua kama ndugu yake. Bakamuita kule kwenye masini kubwa. Jioni ya kuagana kama hii, alikaa pale pale ulipokaa leo, akaniuliza, "Bakiniuliza najua masini gani, niseme nini?" Alitaka kusema ukweli, anajua ndogo, bamuanzishe kwa ya katikati. Alikuwa muntu wa pole.

Nikamuambia, "Sema zote. Mume wangu hawezi kwenda mbali hivi kushika kitu kidogo."

Alisema zote. Bakamupa kubwa kupita zote. Haikumuweka hata juma, ikakula vidole vyake.

Ule mukono wake wa vidole viwili ulikuwa unakupa miwa, unaukumbuka. Lakini jinsi alivyorudi haukuona, ulikuwa mudogo. Masua inapotoka kusini inafika Kazimia kwanza. Baba yako alishuka pale. Hakuweza kushuka Baraka, juu mi nilikuwa nimekwisha kuambia Baraka yote kwamba mume wangu anaamuru masini tatu. Alishuka Kazimia peke yake, hakuna aliyemungojea, akafuata njia ya miguu kando ya ziwa, mukono umefungwa kwa kitambaa, umefichwa ndani ya hiyo koti. Alinikuta natwanga majani ya sombe. Akaomba maji, kama muntu anayetoka shambani. Nikampa. Akapokea kwa mukono wa kushoto. Nikamukaripia, "Tangu lini unapokea kwa kushoto?"

Hilo ndilo neno la kwanza nililomusemesha.

Hakunilaumu hata siku moja. Wavu hakuweza kuvuta tena, ndipo nikajifunza kuchonga maboya, ndipo nikaujua ule muti, ndipo bawa lako likaruka. Bantu bakinisifu juu ya zile mbavu za ndege, nafurahi kweli, siwezi kudanganya. Halafu naona kile kitambaa.

Kwa hiyo usifikiri nakuogopea kwa sababu wewe hauwezi. Unaweza! Mikono yako iko mizuri kupita ya bafundi wote niliobaona, na Bwana hangekuita kama hangeona vile. Nakuogopea juu ulinyonya kwangu. Kila ulipoleta kitu kizuri nilikuuliza, "Hiki tu? Hakuna kikubwa?" Leo hii, muchana huu, Mama Riziki alipopita na kusema, "Bananiambia mutoto atarusha ndege kwa bazungu," mi nilijibu nini? Ulinisikia. Nilijibu, "Tena ile kubwa." Na wewe ukatabasamu juu ya bukari yako. Kama ningeweza kulirudisha lile neno kooni ningelirudisha na muiba wake wote.

Nimezungusha mambo haya kila upande, natafuta mulango. Sioni. Ukichagua nyekundu, itaanguka, juu haujafika pale na hakuna wa kukungojea ufike. Ukichagua ya udongo, bado uko upepo wa ziwa, bado iko ile zamu ya kuume na kushoto, bado bako bantu bengine batakaokuwa na moteri mpya, batakaosema kandege ka rangi ya udongo hakaonyeshi kitu. Na hata ikishuka nzima, nani ataandika kwamba ni Wilondja? Pale Fizi jioni nilisikia bazungu bageni banamupongeza Bwana, "umerusha vizuri," naye akainua glasi. Hakusema uongo. Hakusema kitu.

Sina tumaini, baba. Nalitafuta tangu masua ilipoonekana asubuhi, na silipati. Usikasirike. Mama mwingine angekuandikia "Mungu atasaidia" na kufunga barua. Mungu naye atasaidia kama anataka, lakini mi nimeona Mungu anaangalia masini ile ya baba yako na hakuizima.

Lakini chagua ya katikati. Nakuomba kama muntu anayekuomba maji. Hata kama haisaidii. Nataka tu siku ile moja, mukono wako unaponyooka, usiwe mukono wangu.

Sasa sikia, neno la mwisho, na hili ulishike kupita yote.

Ndege ikivunjika, usikae kule kubeba magunia kwa kuona haya. Panda masua urudi. Na usishuke Baraka. Shuka Kazimia.

Nimekwisha kumuambia Mama Riziki kwamba naanza biashara ya samaki, nitakuwa nanunua ndakala kule Kazimia kila masua ya kusini inapofika. Alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. "Wewe? Mama wa murusha ndege? Ubebe kapo ya ndakala juu ya kichwa kutoka Kazimia, unuke mpaka nyumbani?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kumbe mafuta imelala kweli." Nikasema ndiyo. Hakuamini, akaniangalia usoni, akaniuliza kama nina homa.

Nitakuwa pale kila mara, upande bamama banapopanga vikapu, na kile kikwembe cha maua nilichovaa Fizi. Utaniona kabla sijakuona, macho yangu si kama zamani. Hautasema kitu. Nitakupa maji, na ukipokea kwa mukono wowote sitauliza. Tutafuata ile njia ya kando ya ziwa sote babili, wewe na kapo moja na mi na kapo moja, na atakayetukuta atasema huyu ni Mama Wilondja na mutoto wake, banatoka kununua samaki. Nani atajua?

Leta na vipande vyote. Usimuachie Bwana, muombe, atakupa, havina faida kwake. Ule muti ni mwepesi sana. Nitapasua bawa, nitatoboa, nitafunga juu ya wavu, na utaelea.

Na kama mambo yamegeuka, kama nimekosa mi mwenye kukosa kila siku, kama ile ya udongo imeshuka nzima na bakakupa kazi na nyumba na unarudi kutuona umevaa viatu, basi Kazimia usishuke. Utasimama tu juu ya masua, uinue mukono, uende Baraka bakushangilie. Mi nitachelewa kufika, niko na kapo. Nitasikia habari zako kwa bengine, nyuma ya bantu bote. Ni sawa. Siku nyingi nilikuwa wa kwanza kusema.

Lakini ile safari nyingine, ya vipande, sitachelewa.

Ni mimi mama yako, niliyekubeba, mwenye kukungojea Kazimia.